Tuwazike Wote: Waraka kwa Wanachama Kabla ya Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama wenzangu,

Mkutano mkuu umekaribia, na katika ajenda limo jambo ambalo nisingependa tulikute ukumbini kabla ya kulitafakari majumbani. Kipo kifungu katika katiba yetu kinachosema kwamba mwanachama akijiua, chama hakimziki. Hapati sanda wala jeneza. Wafiwa hawapati turubai, chakula cha matanga wala rambirambi. Na ada alizotoa miaka yote hubaki katika mfuko wa chama. Nawaandikia kuwaomba tukifute kifungu hicho.

Hatujawahi kukijadili. Siku tulipoanzisha chama tulichukua katiba ya wenzetu wa mtaa wa pili, tukabadili jina na viwango vya ada, tukapitisha vifungu vyote kwa kunyoosha mikono mara moja. Kikalala mle hadi mwaka huu tulipofiwa. Sitataja jina wala namna, na naomba mkutanoni tusivitaje pia, maana watoto wa marehemu wanasoma na watoto wetu. Mnajua yaliyotokea. Ndugu zake walichimba kaburi peke yao, sufuria zikaazimwa kwa majirani, na mjane akakaa matanga bila sisi. Mtu aliyebeba majeneza ya wazazi wetu, sisi tulifika kwake mmoja mmoja, jioni, bila sare, tukatoa mkono wa pole na kuondoka upesi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza. Wazee wengi wanasema kifungu kibaki, kwa kuwa kujiua ni dhambi, na kumzika mtu huyo kwa heshima ni kuibariki dhambi yake. Baadhi ya vijana wanasema kifutwe, lakini kwa hoja nyingine kabisa: maisha ni ya mwenyewe, akiamua kuyakatisha ni haki yake, na si kazi ya sheikh, padri, serikali wala chama kumhukumu. Mimi nataka kifutwe, ila sipiti njia hiyo ya vijana, na naamini wazee wanaweza kukifuta bila kupunguza chembe ya imani yao. Naomba mnivumilie nieleze, kwa kuwa jambo hili haliwezi kumalizwa katika zile dakika chache za mengineyo.

Nianze na dini yangu. Katazo la kujiua katika Uislamu halina utata. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inakataza, na aya hiyohiyo inamalizia kwa kutukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuturehemu. Zipo hadithi sahihi zenye onyo kali. Ipo pia ile iliyopokewa kwa Jabir bin Samura, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti ya mtu aliyejiua asimsalie. Hapo ndipo wengi wetu huishia, lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Wengi wao walielewa kwamba Mtume alijizuia yeye mwenyewe ili watu waonyeke, kama alivyokuwa akifanya hapo mwanzo kwa aliyekufa na deni, huku akiwaambia masahaba wamsalie mwenzao. Imam Ahmad alisema kiongozi ndiye asiyemsalia, watu wengine wamsalie. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu hii, aliyejiua huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa kama Mwislamu mwingine yeyote. Sanda tunayomnyima kwa jina la dini, dini yenyewe imempa. Tena kumzika ni faradhi ya kifaya: wakikosekana wa kuitimiza, dhambi ni yetu sote.

Iko hadithi nyingine, katika Sahihi ya Muslim, ambayo sijaisikia ikitajwa matangani. Tufayl bin Amr alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Hali ya Madina haikumfaa yule mwenzake; akaugua, uvumilivu ukamwishia, akajiua kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye Tufayl akamwona ndotoni akiwa na sura njema, ila mikono ameifunika. Akamweleza kwamba Mungu amemsamehe kwa kule kuhama kwake kumfuata Mtume, lakini ameambiwa kuwa alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamsimulia Mtume. Mtume akamwombea yule mtu, kwamba mikono ile nayo isamehewe. Imam Nawawi, katika sherehe yake, anaitumia hadithi hiyo kuonyesha kwamba mtu hatoki katika Uislamu kwa kujiua. Mimi, nisiye mwanazuoni, kinachonigusa ni kwamba Mtume aliambiwa habari za mtu aliyesamehewa isipokuwa mikono, na hakuridhika na msamaha huo wenye upungufu. Aliomba wote.

Kwa upande wa Kanisa nimesoma, na nimekaa na wenzetu wa jumuiya ndogondogo wakanirekebisha nilipopotoka. Mwalimu mkubwa wa katazo katika Ukristo ni Agostino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Sababu iliyomfanya aandike husahauliwa. Mji wa Roma ulitekwa na kuporwa mwaka 410, na wanawake wengi, wakiwemo mabikira waliojiweka wakfu, wakabakwa na askari. Wakatokea watu wa kuwauliza kwa nini bado wako hai, kwa nini hawakujiua kama yule mwanamke wa Kirumi wa kale, Lucretia, aliyesifiwa kwa karne nyingi kwa kufanya hivyo. Agostino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, aliwatetea wanawake hao. Alisema unajisi ni wa aliyebaka, usafi wao haukuondoka, na ile amri ya kutoua inamlinda mtu hata dhidi ya mkono wake mwenyewe. Tazameni basi katazo lilianza wapi: lilianza kama neno la kumwambia mtu aliyevunjwa kwamba uhai wake bado una thamani, hata kama jirani anamwona ni mzigo wa aibu.

Yaliyofuata ni historia ya katazo hilo kugeuzwa fimbo. Katika karne ya 6 mtaguso wa Braga, huko Ureno ya leo, uliwanyima ibada waliojiua. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, akatoa sababu zake tatu, kwamba kujiua ni kinyume cha maumbile, ni kuinyang'anya jamii kiungo chake, na ni kujitwalia mamlaka ya Mungu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 bado iliwahesabu miongoni mwa wasiostahili maziko ya Kanisa, wasipoonyesha dalili ya toba. Lakini sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja tena katika orodha hiyo. Na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, baada ya kusisitiza kwamba sisi ni wasimamizi wa uhai na si wamiliki wake, inasema kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu au hofu kuu hupunguza wajibu wa aliyetenda, na kwamba Kanisa humwombea bila kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kwa hiyo, ndugu zangu Wakatoliki, kifungu chetu ni kikali kuliko sheria ya Kanisa lenu ya zaidi ya miaka 40 sasa.

Naongeza habari mbili za Biblia ambazo mzee mmoja wa Kilutheri alinionyesha. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, nabii Eliya anakaa chini ya mti jangwani akimwomba Mungu aichukue roho yake, amechoka. Malaika hamkemei. Anamwamsha ale mkate na anywe maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale tena kwa sababu safari ni ndefu. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, mlinzi wa gereza la Filipi anaona milango imefunguka, anadhani wafungwa wametoroka, anataka kujiua. Paulo anapaza sauti kumzuia na kumhakikishia kwamba wote wapo. Mfungwa ndiye anayemwokoa mlinzi wake, tena kwa kumwambia tu kwamba hawajaondoka.

Sasa upande wa dola, ambako nadhani ndiko kifungu chetu kilikotoka hasa. Katika Uingereza ya zamani aliyehukumiwa kuwa amejiua kwa kusudi alizikwa njia panda, usiku, bila sala. Na mali zake zinazohamishika zikachukuliwa na Mfalme, mjane na yatima wakabaki mikono mitupu. Maziko ya njia panda yalikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1823, na unyang'anyi wa mali mwaka 1870. Someni tena kifungu chetu: kinamnyima maziko, na kinabakiza ada zake. Ni adhabu zilezile mbili, ndogo kwa kipimo.

Waingereza walituletea pia kosa la jinai la kujaribu kujiua. Wao wenyewe walilifuta kwa sheria iliyopitishwa Agosti 1961, miezi minne tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Sisi tukabaki nalo. Leo hii, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi alipotamka kwamba kinakiuka Katiba yao, kwa kumbagua mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake, kumvunjia utu na kumnyima haki ya afya bora. Kesi ilifunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwananchi mmoja. Ghana ilifuta kosa hilo kwa njia ya Bunge mwaka 2023.

Nawaambia haya si kwa kupenda mambo ya mahakama. Mnajua mtaani kwetu inavyokuwa. Mtu akikutwa hai baada ya kujaribu kujiua, kabla ya gari la kumpeleka hospitali kupatikana, watu wameshaanza kubishana kuhusu fomu ya polisi, PF3. Ndugu wanaogopa, wanamtibu ndani kwa maziwa na dua, au wanamwambia muuguzi kwamba alianguka. Muuguzi asiyeambiwa ukweli hawezi kutibu kinachotakiwa kutibiwa. Woga wa sheria unaua kwa kuchelewesha, na woga wa kutengwa na chama unafanya hivyohivyo. Mwanachama anayejua kwamba watoto wake wataaibishwa atazidi kuficha kinachomla moyoni.

Nije kwa vijana, na nawajibu kwa heshima kwa sababu hoja yenu ina uzito. Mnasema uhuru. Mwanafalsafa ambaye hoja hiyo hutegemezwa kwake mara nyingi ni John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859 kwamba jamii haina ruhusa ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe tu. Lakini katika kitabu hichohicho anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu bila kujua ubovu wake. Kama hakuna muda wa kumwonya, anasema, unaweza kumkamata ukamrudisha bila kuugusa uhuru wake, kwa kuwa hataki kutumbukia mtoni. Na Mill huyohuyo alieleza katika tawasifu yake jinsi alivyoingia gizani mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 20, akajiuliza kama anaweza kuendelea kuishi hivyo hata mwaka mmoja zaidi. Aliishi hadi mwaka 1873. Vitabu vyake vyote mnavyovisoma viliandikwa na mtu aliyevuka.

Swali langu kwenu ni hili: yule mtu wa saa nane usiku, aliyekosa usingizi wiki nzima, anayeamini kwamba watoto wake watakuwa na nafuu asipokuwepo, je, anaamua, au anasukumwa? Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Richard Seiden, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 515 waliozuiwa kujiua katika daraja moja mashuhuri la California kati ya mwaka 1937 na 1971. Karibu 94 katika kila 100 walikuwa bado hai, au walikuwa wamekufa kwa vifo vya kawaida. Sri Lanka nayo, kuanzia miaka ya 1990, ilipiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vya shambani vyenye sumu kali kupita vingine. Kati ya mwaka 1995 na 2005 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban nusu. Kama kila mmoja wa watu hao angekuwa ameamua kwa utulivu na kwa hakika, basi angetafuta njia nyingine, na hesabu isingebadilika. Imebadilika. Wengi walihitaji usiku ule upite, na mtu wa kukaa nao hadi kuche. Tukiwaambia kwamba ni haki yao na kugeuza uso, tutakuwa tumewaacha wakati ule hasa ambao uhuru wao umefungwa na maumivu.

Najua mtaniuliza habari za mgonjwa asiyepona. Uholanzi, tangu mwaka 2002, sheria inaruhusu daktari kumsaidia mgonjwa wa namna hiyo kufa, kwa masharti. Mimi siwezi kulikubali jambo hilo, kwa imani yangu. Lakini sitaki kujificha nyuma ya imani hiyo nikiyaacha maumivu ya mtu bila jibu. Dini zetu zote mbili zinamwachia mgonjwa nafasi ya kuamua: Kanisa halimlazimishi kukubali matibabu yanayomwelemea kupita faida yake, na Mtume alimpa mwanamke mwenye kifafa hiari, aombewe apone au asubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri. Na Waganda wametuonyesha kazi iliyo mbele ya mjadala wa Ulaya. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akasambaza mofini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa wa saratani majumbani mwao. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo wenyewe, maana madaktari hawakutosha. Mtu anayeomba kufa kwa sababu ya maumivu yanayotulizika kwa dawa ya bei nafuu, uhuru wa kwanza anaostahili ni kupata dawa hiyo.

Mweka hazina ameniuliza kama kufuta kifungu hakutawatia watu moyo wa kufanya hivyo ili familia ipate fedha. Ni swali la haki kwa mlinzi wa mfuko. Chama chetu hakilipi mafungu ya fedha. Kinatoa sanda, jeneza, turubai, wali na rambirambi ambayo haimalizi hata arobaini. Hakuna anayeacha watoto kwa ajili ya hayo. Hata kampuni za bima ya maisha, zinazolipa mamilioni na zinazohesabu kila senti, nyingi huzuia malipo ya namna hii kwa mwaka mmoja au miwili ya mwanzo wa mkataba tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Tusijidanganye kwamba ni jambo la Wazungu, wala tusijipe jibu rahisi kwamba ni mapenzi, au deni, au kurogwa. Mara nyingi mambo huwa yamefungamana: sonona isiyotibiwa, pombe, ugonjwa wa muda mrefu, kipigo nyumbani, mkopo wa riba. Anayekwambia anajua sababu moja, mwambie akae na wafiwa kwanza.

Haya ndiyo nitakayoyaleta mkutanoni. La kwanza, kifungu kifutwe chote, na mahali pake paandikwe kwamba mwanachama huzikwa na chama bila kujali alikufa vipi. La pili, ada za marehemu wetu wa mwaka huu zisihesabiwe kuwa zilipotea: rambirambi kamili ipelekwe kwa mjane, na ipelekwe na kamati nzima, kwa sare, mchana. La tatu, kamati ya wagonjwa, ambayo sasa huenda kwa aliyelazwa tu, itembelee pia mwanachama aliyekaa kimya, aliyeacha kuja vikaoni, au aliyefukuzwa kazi. Wakimtembelea wasiogope kumuuliza waziwazi kama amefikia kuwaza kujiua. Wataalamu wamelichunguza hilo: kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikubali kwamba amefika huko, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, apelekwe hospitali akisindikizwa na mtu anayemwamini. Kwa mtoto au kijana, namba 116 inapigwa bure hapa kwetu na Kenya pia. Wenye ndugu Kenya waambieni kuhusu 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Mwenye hoja ya kupinga aniletee kwa maandishi au kwa mdomo kabla ya mkutano. Nitaisoma mbele ya wote kama alivyoitoa. Na mwenye mzigo wa namna hii sasa hivi, yeye mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake, asisubiri mkutano wala asihofie katiba. Mlango wangu anaujua, na mwenyekiti ameniruhusu niandike kwamba wake pia ugongwe saa yoyote.

Wenu,
Katibu